Antena nyingi, wimbi moja: wazo lililosikika Stockholm mwaka 1909

Mwaka 1909 mwanafizikia wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, alieleza mjini Stockholm jinsi mawimbi ya redio yanavyoweza kuelekezwa upande mmoja. Miaka 100 baadaye jiji hilo, pamoja na Oslo, lilikuwa la kwanza duniani kufunguliwa mtandao wa simu wa kizazi cha nne.

Braun alikuwa amefika Sweden kupokea Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mtaliano Guglielmo Marconi. Marconi ndiye aliyevuma zaidi. Hata hivyo, ni Braun ambaye mwaka 1905, huko Strasbourg, alisimamisha antena tatu katika umbo la pembetatu na kuchelewesha kidogo mawimbi ya mojawapo. Upande mmoja mawimbi yaliongezeka nguvu, upande mwingine yakadhoofika.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimekwisha anza, alikwenda New York kutoa ushahidi katika kesi ya haki za uvumbuzi wa redio. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, akawa raia wa taifa adui. Alifariki dunia Brooklyn mwezi Aprili mwaka 1918, bila kurudi nyumbani.

Adui ageuka rafiki

Wazo lake halikufa. Wasikilizaji wa masafa mafupi wanaifahamu sauti inayokuja na kupotea. Mnamo miaka ya 1920 na 1930, wahandisi wa Kimarekani Harold Beverage na H. O. Peterson walikabiliana na tatizo hilo kwa kupokea matangazo kwa antena zilizotenganishwa, kwani ni nadra wimbi kufifia kote kwa wakati mmoja.

Mageuzi makubwa yalikuja miaka ya 1990. Kwa muda mrefu mawimbi yanayogonga majengo na kurudi yalihesabiwa kuwa kero. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa maabara za Bell alionyesha kwamba mwangwi huo ni msaada: kila antena hurusha ujumbe wake katika masafa yale yale, na kwa kuwa kila ujumbe hupita njia tofauti, mpokeaji mwenye antena kadhaa huweza kuutenganisha. Hivyo habari nyingi zaidi husafirishwa bila kununua masafa mapya, ambayo ni haba na ya gharama kubwa.

Tarehe 14 Desemba mwaka 2009 kampuni ya TeliaSonera ilifungua mtandao wa kizazi cha nne, huku mitambo ya Stockholm ikitoka Ericsson. Mwaka 2010 Thomas Marzetta, pia wa Bell, alipendekeza mnara mmoja uwe na antena nyingi mno. Katika kizazi cha tano mnara waweza kuelekeza wimbi kwa simu moja, hata ikiwa ndani ya treni iendayo Märsta, mji wa kaskazini mwa Stockholm ulio jirani na uwanja wa ndege wa Arlanda.

Afrika Mashariki nayo imefuata. Nchini Kenya, Safaricom ilianza kuuza huduma ya kizazi cha tano mwaka 2022. Lakini minara hiyo ni ghali na hutumia umeme mwingi, hivyo huanzia mijini. Mwangwi wa majengo umepata dawa. Umbali wa kijiji na mnara bado unasubiri yake.