Florini, Elementi Iliyowashinda Wataalamu

Ewe msomaji, ukifika Njiru, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, utaona machimbo yanamokatwa mawe ya kujengea nyumba. Mawe hayo yalitokana na volkeno zilizowaka zamani sana. Chini yake yamo maji, na wakazi wengi wa mitaa ya huko huyapata kwa visima virefu. Maji ya namna hiyo ni maangavu, lakini mara nyingi katika nchi ya Nairobi huwa yamebeba kitu kisichoonekana kwa macho. Kikizidi kipimo, mtoto anayeyanywa miaka mingi huota meno yenye madoa ya hudhurungi. Kitu hicho ni florini.

Florini ni elementi, yaani haiwezi kugawanywa kwa njia za kemia ikawa vitu vingine. Tabia yake ni kung'ang'ania. Hushikamana na karibu kila kitu inachokutana nacho, na kwa hiyo kuitenga kulikuwa kazi ngumu kupita kiasi.

Mwaka 1771 Scheele, mkemia wa Uswidi, alipata kutoka katika jiwe lenye florini asidi inayokula hata kioo. Wataalamu wakatambua kwamba ndani yake imo elementi mpya. Mwaka 1807 Humphry Davy, Mwingereza, alikuwa ametumia umeme kutenga sodiamu, elementi ile ile iliyomo katika magadi ya Ziwa Magadi. Alipoijaribu asidi hii kwa umeme, ilimdhuru. Ndugu wawili wa Ireland, George na Thomas Knox, waliugua vibaya. Louyet wa Ubelgiji na Nicklès wa Ufaransa walipoteza maisha yao. Kila ilipofunguliwa, florini ilikila chombo chenyewe.

Henri Moissan wa Paris hakukata tamaa, ingawa naye alidhurika mara kwa mara. Alitengeneza chombo cha platini na iridi, akakitia katika baridi kali, kisha akapitisha umeme. Tarehe 26 Juni 1886 gesi ilitokea. Silikoni ilipoigusa ikawaka moto papo hapo. Wakuu wa sayansi walipokuja kuthibitisha, chombo hakikutoa kitu! Asidi ilikuwa safi mno, haikupitisha umeme. Moissan akaongeza chumvi ya potasiamu, na gesi ikatoka tena. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel; mwezi Februari 1907 akafariki, akiwa na umri wa miaka 54.

Mambo hayo ya Paris yanatuhusu vipi? Mwaka 1931 Churchill, mkemia wa Marekani, alipima maji ya mahali ambapo watoto walikuwa na meno yenye madoa, akaikuta florini. Ndipo chanzo kikajulikana. Florini kidogo huimarisha meno. Nyingi huyaharibu, na ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani hushauri isipite miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Fahamu pia kwamba kuyachemsha maji hakuiondoi. Maji hupungua, florini hubaki. Lakini mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa, na huko Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu wameufanyia kazi mkaa huo kwa miaka mingi.

Basi, mwanafunzi, usimcheke mwenzio kwa meno yake. Uliza kwanza maji ya kisima chenu yamepimwa lini.