Kiumuzi, si Mtengeneza Mkate

Mtengeneza mkate ni mtu. Umbo hilo la M-, kitenzi, kisha yambwa, katika Kiswahili huzaa binadamu: mpiga ngoma, mchoma mahindi, mshona viatu. Mtoto wa chekechea akilisikia atageuka kumtafuta aliyevaa aproni. Iweje basi kijitabu cha maelezo, kilichotiwa ndani ya boksi la chombo cha jikoni cha kukanda na kuoka mkate na kuuzwa mjini Nairobi, kituagize kwamba mtengeneza mkate asitumbukizwe majini, na kwamba apanguswe kwa kitambaa baada ya kupoa? Mtu gani huyo anayepanguswa? Aliyefasiri hakufasiri. Alipanga maneno ya Kiswahili juu ya mifupa ya Kiingereza, akalipwa, akaenda zake, na msomaji akaachiwa chombo chenye ngeli ya wanadamu.

Kuna waliojaribu kurekebisha, na marekebisho yao yananisumbua zaidi kwa sababu yametoka kwa watu waliosomea kazi hii. Orodha moja ya istilahi za vifaa vya nyumbani, iliyoandaliwa na jopo ambalo sitalitaja, imeidhinisha "mashine ya mkate ya kiotomatiki". Maneno matano kwa chombo kimoja kinachokaa juu ya meza! Na hayo matano hayasemi lolote. Mashine ya kuukata mkate vipande ni mashine ya mkate. Mashine ya kuufunga kwenye karatasi ni mashine ya mkate. Wajumbe wa jopo hilo wangeteremka siku moja hadi Silanga, kile kijiji cha Kibera kinachopakana na Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 na ambalo siku hizi limefunikwa na magugu maji, wangejifunza maana ya mashine. Silanga yenyewe, kwa Kiswahili cha bara, ni bwawa. Watu wa huko wanajua kulipa jambo jina lake kwa neno moja. Kwao, mama akisema mtoto ameenda mashine, mtoto amepeleka mahindi kusagwa. Kwa kinyozi, mashine ni ile inayonyoa. Kwa fundi wa nguo hakuna mashine kabisa, kuna cherehani, neno lililotoka kwenye *charkh* ya Kiajemi, yaani gurudumu, nasi tukalimeza likawa letu. Cherehani ni silabi nne na halihitaji kueleza kwamba linashona. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka.

Neno langu ni kiumuzi. Nimelitetea kwa mdomo na kwa barua, na sasa nalitetea kwa maandishi.

Asili yake ni kitenzi kuumua, kuufanya unga uliokandwa uvimbe na kuwa mwepesi. Unga wenyewe ukivimba, umeumuka. Katika lugha yetu ya kale, vitenzi vya aina hii vilikuwa na sauti l katikati, ikadondoka kwa karne nyingi za matumizi. Lakini haikufa. Hurudi tunaponyambua: tunasema hamira ya kuumulia, na hiyo l ndiyo ile ile. Ikikutana na kiambishi tamati -i cha mtendaji, hugeuka z. Ndiyo maana amua huzaa mwamuzi, nunua huzaa mnunuzi, gundua huzaa mgunduzi. Basi umua, kwa kanuni hiyo hiyo isiyo na jeuri yoyote, huzaa kiumuzi. Sikulibuni hewani. Lilikuwamo, likingoja chombo.

Mjuzi mmoja aliniambia kwamba kwa kanuni, ki- mbele ya irabu hugeuka ch-, kama katika chombo na chumba, kwa hiyo ningepaswa kusema "chumuzi". Hajapata kusikia kiumbe? Hajapata kusikia kiungo? Unga, kwa maana ya kuunganisha, imetoa kiungo, si chungo. Umba imetoa kiumbe, si chumbe. Kiumuzi linasimama katika safu hiyo hiyo. Mwingine alilalamika kwamba neno linasikika kama chombo kinachouma. Kuuma na kuumua ni vitenzi viwili, kila kimoja na njia yake, na anayevichanganya hana haki ya kuketi kwenye jopo la istilahi.

Wapo wanaotaka tamati -o: kiumulio. Hawa nawaheshimu, maana angalau wamebaki ndani ya sarufi. Hata hivyo hawajatazama chombo. Tamati -o huashiria zana iliyo mkononi mwa mtu: kifuniko hakifuniki pasipo mtu, kibaniko hakibaniki chenyewe. Tamati -i huashiria mtendaji. Kiongozi huongoza mwenyewe, kinyozi hunyoa mwenyewe, na kiyoyozi, ukishakiwasha, hufanya kazi yake wewe ukiwa umelala. Chombo tunachokizungumzia hutiwa vitu, hubonyezwa, kisha mwenyewe anaondoka na kurudi baada ya saa tatu na ushei. Ni mtendaji. Kiumulio ni pakiti ya hamira.

Pingamizi lenye uzito ni moja tu, na kwa haki yake nalieleza kikamilifu. Linasema kwamba moyo wa chombo hiki ni kukanda, na historia iko upande wake. Kampuni ya Matsushita ya Japani, ilipokuwa ikiunda chombo chake katikati ya miaka ya 1980, ilishindwa hasa kwenye kukanda: mkate ulitoka ganda limeungua na ndani ni mbichi. Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu wa kampuni hiyo, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Hoteli ya Kimataifa ya Osaka, akagundua kwamba bwana yule hakandi kwa kusukuma tu, bali huuvuta unga huku akiusokota. Wahandisi wakatia mbavu ndani ya sufuria ya chombo ili unga usokoteke vivyo hivyo, na mwaka 1987 chombo kikaingia sokoni kwa jina la Home Bakery. Kwa hiyo, wanasema, kiitwe "kikandaji".

Kukanda ni kitenzi kitukufu, sikikatai. Ni jamaa wa kukandika, na nyumba nyingi za Silanga zimesimama kwa kukandika udongo juu ya fito. Lakini tujiulize, unga hukandwa kwa nini? Hukandwa ili protini za ngano zishikane na kufuma wavu, na wavu huo kazi yake ni kuikamata hewa inayotolewa na hamira. Chapati pia hukandwa, na hakuna anayeingojea ivimbe. Bwana wa Osaka alivuta na kusokota ili mkate uumuke. Tanaka aliporudi kiwandani alirudi na siri ya kuumua, iliyovaa nguo ya kukanda.

Kuoka, nalo, nalikataa kwa sababu nyepesi zaidi. Kila jiko huoka. Tanuri huoka tangu zamani za Babeli, ambako liliitwa *tinuru*. Waarabu wakaliita *tannur*, Wahindi wakalipeleka kwenye tanduri zao, na sisi wa Pwani tukalipokea na kulitia irabu mwishoni. Miaka elfu kadhaa ya kuoka, na hakuna tanuri lililowahi kukaa na kinyunya cha unga usiku wa baridi ya Julai likikipa joto la kadiri, si kali wala si hafifu, mpaka kimeumuka. Hilo ni jambo jipya. Jina lapasa kushika jipya.

Tena tazama ukoo ambao neno hili linaingia. Hamira tumeipata kwa Kiarabu, *khamira*, kutoka mzizi kh-m-r wenye maana ya kuchachuka. Mzizi huo huo ndio uliotupa mahamri, na ndiyo sababu mtu wa Mombasa hakubali mahamri yake yaitwe mandazi. Kabla ya hamira ya kiwandani, Pwani walitumia tembo la mnazi kuumulia. Upande wa pili tuna chachu, neno letu la Kibantu kutokana na chacha. Na katika Kibera yenyewe Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza na ambao lugha yao ndiyo iliyoliita pale *kibra*, yaani msitu, wanapika gurusa. Hata mkate ni neno la wote: Mkikuyu husema *mugate*, Mluo husema *makati*. Tuna utajiri wa kuumua kila upande, halafu jopo linatuletea "kiotomatiki".

Nakiri kwamba Silanga hawasemi kuumuka. Husema kufura. Mama mmoja wa huko, anayeuza chai na mkate wa dalasini alfajiri, aliniona nikinyoosha mkono kwenye kifuniko cha kiumuzi chake akanizuia: "Mwalimu, ngoja kwanza ifure. Ukifungua saa hii itaanguka." Nililipima neno lake kwa makini, kwa sababu yeye ndiye anayetumia chombo na si mimi. Kufura ni Kiswahili safi. Lakini kidonda hufura, tumbo la njaa hufura, na mtu akikasirika amefura. Kufura kunachukua uvimbe wote, mwema na mbaya. Kuumuka kumebaki na unga, na istilahi hutaka neno lenye mipaka. Nilimweleza hayo. Akajibu kwamba mimi niite nitakavyo, mradi nisifungue.

Mkate wake ndio ushahidi wangu mkubwa, na hapa wapinzani wangu wanyamaze kidogo. Dalasini ni adui wa hamira. Mafuta yake yana kemikali iitwayo sinamaldehidi, inayowadumaza vijidudu vinavyoumua. Ukizidisha dalasini ndani ya unga, mkate hubaki tofali. Sukari nayo ikizidi huinyang'anya hamira maji. Ongeza kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo unga huumuka haraka kuliko kijitabu kilichoandikiwa watu wa usawa wa bahari kinavyodhani, kisha huporomoka kabla ya moto kuushika. Mkate mtamu wa dalasini, Nairobi, ni vita vya kuumuka tangu mwanzo hadi mwisho. Kukanda hakukushindi, kuoka hakukushindi. Ukishindwa, umeshindwa kuumua.

Na kwa kuwa nimetaja dalasini, niseme pia kuhusu pakiti zinazoandika "mdalasini". Karafuu ni tumba la ua la mkarafuu, nazi ni ya mnazi, na dalasini ni ganda la mdalasini. Anayesaga mdalasini amesaga mti mzima, mizizi na majani. Kosa hili lina utamu wake kwa mpenda asili za maneno, maana Kiajemi kiliita kiungo hiki *dar chin*, mti wa China. Kiarabu, kisicho na ch, kikasema *dar sini*. Sisi tukageuza r kuwa l. Kwa hiyo *dar* tayari ni mti, na tulipoweka m- tukaupanda mti juu ya mti. Kwa mmea ulioko shambani Unguja, sina neno. Kwa unga ulio kwenye kijiko, ni dalasini.

Niliwasilisha kiumuzi kwa wahusika wa orodha ile, pamoja na hoja hizi zote na nyingine za ziada. Jibu lilikuwa neno moja: halijazoeleka. Waliotuletea tarakilishi, wakaliweka kwenye vitabu vya shule na kuwaadhibu watoto waliosema kompyuta, leo wamekuwa walinzi wa mazoea! Hakuna istilahi iliyozaliwa ikiwa imezoeleka. Huzoezwa, na wa kuizoeza ni wao. Kama wana kasoro ya sarufi waitaje, nami nitaijibu mstari kwa mstari. Kama hawana, nataka nafasi ya "mashine ya mkate ya kiotomatiki" katika chapa ijayo.

Matumizi, kwa ufupi. Wingi ni viumuzi. Washa kiumuzi, kiumuzi changu kimeharibika. Vingi vya Nairobi ni vya mtumba kutoka Uingereza, na plagi na volti 240 ni zile zile zetu. Vya Japani ni vya volti 100, usivichomeke. Tia maji au maziwa kwanza, kisha sukari, chumvi na siagi, kisha nusu kilo ya unga wa ngano usiochanganywa na poda ya kuokea, dalasini kijiko kimoja cha chai, na hamira mwisho juu ya unga mkavu, kidogo kuliko kijitabu kinavyoagiza. Chagua mzunguko wa mkate mtamu, ambao moto wake ni wa chini ili sukari isiunguze ganda. Ukitaka dalasini nyingi zaidi, ichanganye na sukari uikunje ndani baada ya ukandaji wa mwisho, hamira ikiwa imeshamaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Stima ikipotea kwa dakika chache, viumuzi vingi hukumbuka vilipofikia. Ikipotea zaidi ya hapo na unga umeshaumuka, utoe, uutie kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, uweke kwenye jiko la makaa machache, na makaa mengine juu ya kifuniko.