Mlango na Meza: Watu Weusi Katika Chuo cha Harvard

Chuo Kikuu cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636, karibu na Boston, katika nchi ya Marekani. Ndicho cha kale kupita vyote katika nchi ile. Waombao kuingia ni wengi, na wanaokubaliwa ni wachache. Habari za watu weusi waliotangulia kuingia humo zafaa zijulikane na wasomaji wetu, maana zaonyesha ya kuwa kufunguliwa mlango ni jambo moja, na kukaribishwa mezani ni jambo jingine.

Mwaka 1850 watu weusi watatu walikubaliwa katika shule ya utabibu ya chuo hicho. Mmoja alikuwa Martin Delany, aliyekwisha kujifunza kazi hiyo kwa matabibu wa Pittsburgh. Wenzake, Daniel Laing na Isaac Snowden, walitayarishwa kwenda Liberia kutibu watu. Hazikupita siku nyingi, baadhi ya wanafunzi Wazungu wakaandika barua kukataa kuketi pamoja nao. Wengine wakaandika kuwatetea, lakini walimu wakawafuata wale waliokataa. Watatu hao wakaruhusiwa kumaliza mafundisho ya kipindi kile tu, wasirudi tena. Hawakushindwa na masomo. Walihukumiwa kwa rangi yao.

Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa ulipokomeshwa Marekani, akaingia Richard Greener. Mwaka wa kwanza ulimlemea, kwa kuwa hakupata msingi wa kutosha hapo kwanza, ikambidi aurudie. Akajitahidi, hata akapewa tuzo kwa usemaji na uandishi wake, na mwaka 1870 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Harvard College, ndiyo shina la chuo chote.

Kisha mwaka 1888 akaja W. E. B. Du Bois. Alikwisha kupata shahada ya Fisk, chuo cha watu weusi, lakini Harvard haikuihesabu kuwa sawa na yake, ikamtia katika mwaka wa tatu. Alipanga chumba kwa mwanamke mweusi mjini. Aliomba kuimba katika kundi la waimbaji wa chuo, akakataliwa. Hata hivyo walimu kadhaa, kama William James, walimkaribisha nyumbani kwao. Mwaka 1895 akapata shahada ya udaktari, mtu mweusi wa kwanza kuipata chuoni hapo.

Mwaka 1914 zilifunguliwa nyumba za kulala za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mkuu wa chuo, A. Lawrence Lowell, akawazuia weusi wasikae humo, akisema haiwezekani kuwalazimisha watu wa rangi mbalimbali kukaa pamoja. Roscoe Conkling Bruce, mtu mweusi aliyehitimu hapo mwaka 1902, alimwombea mwanawe chumba, naye akanyimwa. Habari zikaenea magazetini, na Wazungu wengi waliosoma chuoni hapo wakalalamika. Mwaka 1923 baraza la wasimamizi likaamua kwamba mtu asizuiwe kwa ajili ya rangi. Lakini likaongeza ya kwamba Wazungu na weusi wasilazimishwe kulala na kula pamoja. Basi haki ilitolewa, lakini ilitolewa nusu.

Twapenda kuwaambia vijana wetu kwamba bidii hushinda yote. Bidii ni njema, na Greener ni shahidi. Lakini Delany naye hakukosa bidii. Alichokosa ni watu wa ndani wenye nguvu ya kumsimamia. Mwaka 1850 waliotetea walikuwapo, wakashindwa. Mwaka 1923 walipata nusu ya walichotaka. Kwa hiyo mzigo huu si wa mgeni abishaye hodi peke yake, ni wa wale pia waliokwisha kuketi. Nasi, aingiapo darasani mwetu mtoto wa kabila jingine, au mtoto wa maskini asiye na nguo nzuri, tujiulize: je, tumempa nafasi ya kuandikwa jina tu, au tumempa na nafasi ya kuketi kati yetu?