Kutoka Tongoni Hadi Maziwe: Tunachowaonyesha Wageni Wetu

Kila mwisho wa mwaka tunaporudi nyumbani hutokea jambo lile lile. Tunashuka na watoto waliozaliwa Dar es Salaam, Arusha au Dodoma, tunakula samaki, tunaogelea, tunapiga picha kivuko kikiwa nyuma yetu, kisha tunarejea mjini. Mara ya mwisho tuliamua kufanya vingine. Tulikuwa familia nne ndani ya Coaster moja, tukakubaliana kuitembea pwani yetu kama wageni: tusimame kila mahali ambapo mgeni angesimama, na tuone kama tunaweza kumweleza kitu cha maana. Makala haya ni hesabu ya safari ile. Tunakiri mapema, ndugu zetu, kwamba hesabu haikufunga.

Njia ya Tanga hadi Pangani

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita hamsini. Wengi wetu tumezipita kilomita hizo mara mia bila kugeuza shingo. Lakini kabla hujafika mbali uko Machui, alikozaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909 na alikozikwa mwaka 1962. Mtoto wa Kitanzania husoma vitabu vyake shuleni, kisha hupita karibu na kaburi lake akiwa amelala kwenye kiti cha gari.

Mbele kidogo ni Tongoni. Hapo kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengi yakiwa na nguzo za mawe na chokaa, na wataalamu huyahesabu miongoni mwa makundi makubwa ya makaburi ya nguzo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mji ule uliitwa Mtangata. Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, mojawapo ya meli zake, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya bahari hapo mbele, maji yalipojaa ikanasuka. Mwaka uliofuata, wakati wa kurudi kutoka India, mabaharia wake wengi walikuwa wamekwisha kufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. São Rafael ikachomwa moto hapo hapo Mtangata. Watoto wetu, ambao jina la Vasco da Gama wamelikariri kwa ajili ya mtihani, walishangaa kusikia kwamba meli yake imelala katika maji yale wanayoyaona dirishani.

Ukipita Kigombe, uko kando ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi waliamini alikwisha toweka pamoja na madubwana ya kale, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa mkoa wetu walianza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu. Hifadhi yake inafika hadi kaskazini ya mlango wa Mto Pangani.

Mji na mto

Pangani ni mji wa mto kabla ya kuwa mji wa bahari. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, na njia ya misafara ya kwenda huko bara ilianzia hapa. Pembe za ndovu ziliteremka, vitambaa na shanga zikapanda. Burton na Speke walifika Pangani mapema mwaka 1857 wakiwa njiani kwenda kwa Kimweri, mtawala wa Usambaa, miezi kadhaa kabla ya kuanza safari yao ya kutafuta maziwa makuu.

Tukisimama kando ya mto karibu na Boma, hadithi tunayopenda kuwasimulia wageni ni ya Abushiri bin Salim. Na tunapaswa kuisimulia, kwa sababu ilianzia hapa. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa mrima wote. Agosti mawakala wa kampuni wakashuka. Aliyekuja Pangani aliitwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na jina hilo lilimfaa. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, akamdhalilisha liwali wa Sultani, akawakera watu wa mji hata wale waliokuwa hawapatani wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni mwa Septemba Pangani ikainuka. Wajerumani wakazingirwa ndani ya nyumba, hadi Sultani alipotuma askari na wakaondolewa kwa njia ya bahari. Moto ule ukasambaa pwani nzima, kampuni ikabaki imeshikilia Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann pamoja na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Pangani ilitekwa Julai 1889. Abushiri alikimbilia bara, akakamatwa, akarudishwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapa hapa Pangani. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi mwaka uliofuata. Zelewski naye hakuzeeka: Agosti 1891 aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo. Vita hivyo vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwenyeji wa pwani hii, nao umechapishwa na unasomwa vyuo vikuu. Katika Coaster yetu watu wazima walikuwa wanane. Aliyekuwa ameusikia alikuwa mmoja.

Upande mwingine wa daftari

Sisi ambao kazi yetu ni vitabu vya hesabu tumezoea kwamba kila ukurasa una pande mbili. Historia ya Pangani pia.

Abushiri alikuwa shujaa wa kuupinga ukoloni. Alikuwa pia mwenye shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulipozuia kuwasafirisha watumwa baharini, walioteremshwa kutoka bara hawakuachwa huru. Wengi walibaki pwani, wakakata miwa na kuchemsha sukari iliyopelekwa Zanzibar. Katika miaka hiyo ya 1870 kundi la watumwa liliasi, likavuka na kujenga makazi yao yenye ngome Kikogwe, ng'ambo ya mto, wakawarudisha nyuma waliokuja kuwakamata.

Tulilijadili hili tukiwa kwenye foleni ya kivuko, katikati ya pikipiki, baiskeli na mikungu ya ndizi. Mmoja wetu alisema mambo ya utumwa yasiwekwe kwenye vibao, yanatia aibu na yataamsha maneno ya nani ni mjukuu wa nani. Mwingine akajibu kwamba miongoni mwetu wapo wajukuu wa waliokuwa na mashamba, wapo wajukuu wa waliokata miwa, na wengi ni wajukuu wa wote wawili. Hatukuafikiana hadi kivuko kikafika. Lakini tunaamini, na tunalisema hapa kwa maandishi, kwamba waliojenga ngome ya Kikogwe nao ni mashujaa wa Pangani, na wanastahili kibao kama Abushiri anavyostahili.

Kikogwe ina hadithi ya pili. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na hiyo 62 likaenea zao lililofanya jina la Tanga lijulikane duniani. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, ikiongoza dunia. Reli, bandari, shule na mitaa mizima ya Tanga ilitunishwa na mkonge. Mwanzo wake uko dakika chache kutoka kwenye kivuko, na hakuna aliyetuelekeza.

Ushongo na fungu la Maziwe

Kusini ya Bweni, mwendo wa kama kilomita kumi na tano, ni Ushongo. Ufukwe wake hauhitaji maneno mengi: mchanga mweupe, minazi, ngalawa zimepandishwa juu, maji yakipwa unatembea mpaka miguu ichoke. Wageni kutoka Ulaya wanaufahamu kuliko watoto wetu.

Asubuhi ya siku ya pili tulikodi mashua kwenda Maziwe. Tulichelewa kutoka, kwa kosa letu wenyewe, chai na maandazi vilituchukua muda, na ilikuwa siku ya bamvua. Tulikwenda kitambo kirefu, watoto wakiangalia mbele wakitafuta kisiwa. Nahodha akazima mashine. Binti mmoja wa miaka tisa akauliza, "Babu, Maziwe iko wapi?" Nahodha akaonyesha kidole chini, penye maji ya kijani hafifu. "Mko juu yake, mjukuu wangu."

Maziwe ilikuwa kisiwa cha kweli. Ilikuwa na miti, mivinje ikiwemo, na kasa wa aina tatu walipanda kutaga mayai. Kwa sababu ya hao kasa, mwaka 1975 Maziwe ilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari, miongoni mwa ya mwanzo kabisa nchini. Lakini mawimbi yaliendelea kula mchanga, miti ikaanguka mmoja mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukusalia hata mmoja. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama maji ya bamvua yakijaa. Matumbawe yanayolizunguka bado ni mazuri na wapiga mbizi huja kwa ajili yake. Kasa akipanda kutaga juu ya fungu, mayai yakiachwa yataoza kwa maji ya chumvi. Ndiyo maana wenzetu wa Ushongo wamekuwa wakiyafukua kwa uangalifu na kuyahamishia ufukweni bara, ambako vifaranga huanguliwa na kuingia baharini.

Nahodha yule alitusimulia jinsi alivyolala chini ya miti ile akiwa kijana, akingoja upepo. Tulimwuliza kama yuko mtu aliyepiga picha. Akacheka. Kisiwa kizima kilikwenda, na kumbukumbu yake imebaki vichwani mwa wazee ambao kila mwaka tunawazika wawili watatu.

Kilichopo na kinachopungua

Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, inaibadili wilaya yetu. Kusini yetu iko Saadani, hifadhi ya taifa ambayo wanyama wake hufika hadi mchanga wa bahari. Mgeni anayetoka Bagamoyo kwenda Tanga atapita kwetu atake asitake. Swali ni kama atasimama.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hupona pale tu mgeni anapokuwa na sababu ya kukaa. Anayepiga picha Boma na kuondoka ametuachia vumbi. Anayekaa siku mbili hukodi mashua, hulala, hula pweza na wali wa nazi, humlipa kijana wa kumtembeza. Tofauti kati ya wageni hao wawili ni maelezo, na maelezo ndiyo tuliyoyakosa kila tuliposimama.

Yapo pia ya kulindwa kabla hayajauzwa. Viwanja vya ufukweni vinatafutwa sana sasa, na baadhi yetu tunaoishi mijini ndio tunaopigiwa simu kuulizwa kama familia inauza. Ni vyema tukumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Njia ya mvuvi kwenda kwenye ngalawa yake isizibwe na ukuta wa mtu, hata kama mtu huyo ni ndugu yetu.

Tunachoomba

Kwa hiyo, katika michango ya mwaka huu, pamoja na madawati na zahanati ambavyo tumevizoea, tunaomba sehemu itengwe kwa mambo manne. La kwanza, vibao vya maelezo kwa Kiswahili, kuanzia mjini mpaka Kikogwe na Ushongo, vitakavyowekwa kwa kushirikiana na halmashauri na idara ya malikale. La pili, mafunzo kwa vijana wetu wa kutembeza wageni, ili wasimulie pande zote mbili za daftari. La tatu, miche ya mikoko kwa ajili ya kingo za mto. La nne, ambalo ni rahisi kuliko yote na haliwezi kungoja, kinasa sauti na mtu wa kukaa na wazee, akiwemo nahodha wetu, waseme wanayoyajua.

Mhasibu hapendi kuomba fedha bila kueleza zitakavyotumika, basi mapato na matumizi ya mambo haya yatachapwa katika kijitabu cha mwakani, kila shilingi mahali pake. Na tukienda tena Maziwe, tumeahidiana, tutaondoka Ushongo mapema, kabla ya chai, ili watoto wakanyage mchanga ule wakati bado uko.