Pikapu nyeupe, dereva mweupe?

Wengi wetu tukisikia DNA tunafikiria zile kesi za nani baba wa mtoto. Mwaka 2003, huko Louisiana, Marekani, vinasaba vilipewa kazi nyingine: kumwambia mpelelezi mababu wa mtu asiyejulikana walitoka bara gani.

Kuanzia 2001 wanawake wa Baton Rouge na maeneo ya jirani waliuawa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2002 maabara ikaonyesha kuwa muuaji ni yule yule. DNA yake ilikuwepo, ila haikulingana na ya mtu yeyote kwenye kumbukumbu za polisi. Wakajitokeza mashahidi: wamemwona mzungu ndani ya pikapu nyeupe. Basi, macho yote yakahamia kwenye pikapu nyeupe. Polisi wakachukua mate ya wanaume zaidi ya 1,000, wengi wao wazungu. Hola! Na mauaji yakaendelea.

Ndipo akaingia Tony Frudakis wa DNAPrint Genomics, kampuni ndogo ya Florida. Kipimo cha kawaida cha polisi hutenganisha mtu na mtu, basi. Frudakis alitazama sehemu nyingine za vinasaba, zile ambazo aina fulani ni ya kawaida kwa watu wa bara moja na adimu kwa wengine. Sehemu moja haikuambii kitu. Ukizipima nyingi kwa pamoja unapata makisio. Polisi hawakumwamini hivi hivi, wakampa kwanza sampuli za watu 20 ambao asili zao wao walizijua. Akazipatia zote.

Jibu la muuaji lilikuja Machi 2003: asilimia 85 Afrika kusini mwa Sahara, asilimia 15 wenyeji asilia wa Amerika. Hapo tuwekane sawa. Kipimo hakikusoma rangi ya ngozi, wala hakikusema Myoruba au Mmakonde. Kilisema bara. Rangi ni makisio yaliyojaziwa juu yake.

Mei 27, 2003, Derrick Todd Lee, mtu mweusi, akakamatwa Atlanta. Hadithi inayopendwa ni kwamba kampuni ndiyo iliyomnasa. Mimi siikubali moja kwa moja. Mate ya Lee yalichukuliwa mwanzoni mwa mwezi huo na wapelelezi waliokuwa wakifukua kesi za zamani za mji mdogo wa Zachary, ambako polisi walimshuku tangu miaka ya 1990. Kazi ya miguu, jamani! Kilichofanywa na asilimia 85 ni kuvunja imani ya pikapu nyeupe.

Mambo hayaendi upande mmoja, lakini. Uholanzi, mwaka 1999, msichana wa miaka 16 aliuawa Friesland, na watu wakawanyooshea kidole wakimbizi wa kambi ya jirani. DNA ikaelekeza kwa mtu wa asili ya Ulaya kaskazini-magharibi. Mwaka 2012, baada ya maelfu ya wanaume wa eneo lile kujitolea kupimwa, akakamatwa mkulima wa hapo hapo. Kwa hiyo teknolojia ile ile iliyowageuza wapelelezi kuelekea weusi Louisiana iliwaondolea wageni lawama Friesland. Uholanzi iliiruhusu kisheria 2003. Ujerumani, ilipolegeza sheria yake 2019, ilikubali rangi ya macho, nywele na ngozi, lakini asili ikakataa.

Lee alihukumiwa kifo 2004, akafa kwa maradhi Januari 2016 kabla ya kunyongwa au kuchomwa sindano. DNAPrint ilifunga milango 2009. Na katika wale wa Baton Rouge waliotakiwa mate yao, mmoja alikataa, polisi wakayachukua kwa hati ya mahakama, yakamsafisha. Akashtaki. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema hati ile haikuwa na sababu ya kutosha.