Kiinuzi, Wala Si "Kipaza Sauti cha Awali"

Imenifikia mkononi orodha ya istilahi za ufundi wa sauti, iliyoandaliwa na kamati ambayo sina haja ya kuitaja, na humo, baina ya maneno mengi yasiyo na dosari, nimekuta kile chombo cha kuinua umeme dhaifu wa maikrofoni ambacho vijana wetu wanaorekodi nyumbani hukiita priampu kikipewa jina la "kipaza sauti cha awali." Sina ugomvi na mtu yeyote kwa nafsi yake, lakini lugha ni amana, na aliyekabidhiwa amana hana ruhusa ya kunyamaza aionapo ikiharibiwa, kwa hiyo nitaeleza, kwa utaratibu na kwa hujja, kwa nini jina hilo ni batili, na kwa nini neno kiinuzi, ambalo nimelitetea kwa miaka mingi mbele ya watu wasiotaka kunisikiliza, ndilo listahililo kuingia katika kamusi zetu.

Zamani jina la chombo hiki halikuhitajika mitaani. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, na hata baadaye ilipokuwa Redio Tanzania, chombo hiki kilikuwa kimefichwa ndani ya meza ya fundi mitambo, wala mwanamuziki wa dansi aliyekwenda kurekodi hakujua kuwa kipo, sembuse kutaka kukinunua. Redio za watu binafsi zilipokuja, Radio One ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 1994, na studio za kina Master J na P-Funk Majani zilipoufanya muziki wa kizazi kipya kuwa kazi yenye ujira, bado chombo kilibaki mikononi mwa wachache. Leo, kuanzia Kawe Ukwamani hadi Mzimuni, chumba cha kulala chenye kompyuta, maiki na godoro lililoegemezwa ukutani chatosha kuwa studio. Na mwimbaji wa kwaya, msomaji wa kaswida na kijana asimuliaye habari za mpira, kila mmoja hununua vyombo kwa fedha yake mwenyewe. Anunuaye kwa fedha yake hana budi kujua jina la akitakacho.

Ubatili wa kwanza wa jina lile umo katika maneno "kipaza sauti." Katika viwanja vya Tanganyika Packers hapa Kawe, mahali ambapo zamani palikuwa na kiwanda cha kusindika nyama ya makopo na ambapo siku hizi hufanyika mikutano mikubwa ya injili, hicho anachokishika mhubiri mkononi huitwa kipaza sauti, mtambo ulio nyuma ya jukwaa huitwa kipaza sauti, na masanduku makubwa yanayotoa mlio kwa umati nayo huitwa vipaza sauti. Neno moja limekwisha kubebeshwa vitu vitatu, na kamati, badala ya kulipunguzia mzigo, imeliongezea cha nne. Matokeo yake si mzaha: kijana huteremka Kariakoo na fedha alizozikusanya kwa taabu, akaomba kipaza sauti, naye muuzaji, bila ya nia mbaya yoyote, humtolea amplifaya ya kuendeshea spika za harusini, ambayo kwa kazi ya kurekodi haimfai hata chembe.

Ubatili wa pili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa unahusu uhakika wa mambo yenyewe. Ndani ya chombo hiki hamna sauti. Sauti ilikwisha kukoma pale ilipogonga kiwambo cha maikrofoni na kugeuka kuwa umeme, na umeme huo ni dhaifu mno: maikrofoni ya Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo hakuna kanisa wala ukumbi usioijua, mbele ya sauti yenye nguvu ya desibeli 94 hutoa chini ya millivolti 2, ilhali mitambo ya studio kwa desturi yake hutaka umeme upatao volti 1.23. Kazi ya chombo ni kuuchukua umeme ulioinama namna hiyo na kuufikisha katika kimo cha kutumika, yaani zaidi ya mara 600 ya ulivyokuwa, kabla haujaingia katika kompyuta. Ukiliweka sikio lako juu ya chombo hicho usiku kucha hutasikia neno. Basi ni sauti ya nani iliyopazwa?

Tena tazama asili ya kitenzi chenyewe. Kupaa ni kwenda juu hewani, kama ndege na moshi, na kupaza ni kukifanya kitu kipae. Kwa hiyo kupaza sauti, katika Kiswahili fasaha, ni tendo la koo la mwanadamu, la muadhini na la mnadi, na maana yake ni kwamba wasikiao wa mbali nao wapate kusikia. Wako wengine, walioona kasoro hiyo, ambao wamependekeza "kikuza," nao pia wamepotoka, kwa sababu kukua ni kuongezeka kwa kitu kiishicho, mtoto au mmea, katika muda, au kwa kupanuka umbo, kama tusemavyo kukuza picha. Umeme wa maikrofoni haupevuki wala haupanuki. Hutolewa katika daraja ya chini ukawekwa katika daraja ya juu, na mawimbi yake yakabaki na sura ile ile.

Ama hilo neno "awali," ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni mwanzo, limetiwa hapa kwa kuiga tu bila kufikiri. Waingereza walikiita chombo hiki kitangulizi cha amplifaya kwa sababu katika redio na gramafoni zao amplifaya kubwa ilikuwa imesimama nyuma yake ikiingoja zamu yake. Katika chumba cha Mzimuni hakuna kinachongojea. Umeme ukitoka humo huingia moja kwa moja katika mashine inayougeuza kuwa tarakimu. Tunasema elimu ya awali kwa kuwa elimu nyingine ya jinsi hiyo hiyo itafuata. Hapa hakifuati kitu, na Mswahili asikiaye "kipaza sauti cha awali" atadhani ni kile kilichotumika hapo awali, kabla hakijaharibika.

Sasa nije kwa kiinuzi. Kuinama, kuinuka na kuinua ni maneno ya tumbo moja: mzizi ni -in-, ambao ukipata kiambishi -am-, kile kile kilicho katika simama na gandama, huonyesha kitu kilichokaa katika hali fulani, ukipata -uk- huonyesha kitu kinachoiacha hali hiyo chenyewe, na ukipata -u- huonyesha kinachotolewa katika hali hiyo na mwingine. Umeme wa maiki umeinama, chombo huuinua. Ni lugha gani nyingine iliyotuwekea tayari, ndani ya mzizi mmoja, ugonjwa na dawa yake? Na wasemao kuwa umbo "kiinuzi" ni la kubuni hawaijui historia ya lugha yao, kwa maana mwishoni mwa kitenzi hiki palikuwa na l ambayo tumeiangusha katika matamshi, nayo bado hujitokeza tusemapo "inuliwa". L hiyo ikikutana na irabu i ya kuundia majina hugeuka z, na ndiyo sababu kununua kulitupa mnunuzi, kukomboa mkombozi, na kuchukua mchukuzi. Kiinuzi hakikutungwa na mimi. Kanuni ilikuwa imekwisha kukitunga, mimi nimekiokota.

Fauka ya hayo, mzizi huu una uzazi. Kile kipimo ambacho mafundi wetu hukiita geini, yaani kadiri chombo kinavyoweza kuinua, kitaitwa mwinuko, neno lililomo katika vitabu vya jiografia tangu zamani. Tutasema kiinuzi hiki kina mwinuko wa desibeli 60, na kila mtu ataelewa. Na watuambie waliotunga "kipaza sauti cha awali" geini wataiitaje: upazaji wa awali wa sauti?

Bwana mmoja mwenye cheo cha kitaaluma amepinga kwamba kiinuzi chaweza kudhaniwa kuwa jeki ya gari. Jeki ina jina lake, limekubalika, na halihitaji msaada. Mwingine amesema watu watakichanganya na kiinua mgongo, kana kwamba mstaafu ataingia dukani Kariakoo kudai mafao yake. Mimi mwenyewe niliiandikia kamati barua ndefu, yenye hoja hizi zote na mifano yake. Sikupata jibu, wala risiti ya kuonyesha kuwa barua ilifika, na orodha ilipotoka nikaona katika dibaji yake kwamba mapendekezo ya mtu mmoja mmoja hayakuzingatiwa kwa kuwa hayana msingi wa kitaaluma. Lakini neno istilahi lenyewe, katika Kiarabu, limetoka katika mzizi uliotupa sulhu na maslahi. Maana yake ni neno walilopatana watu juu yake kwa manufaa yao, na mapatano hayapatikani kwa kutojibu barua.

Nao wanaoogopa kubadili jina lililokwisha kuchapwa na wakumbuke kuwa hata maikrofoni, neno la Kiyunani lenye maana ya sauti ndogo, Charles Wheatstone alilitumia mwaka 1827 kwa chombo cha kusikilizia kisichokuwa na umeme wowote, na ni David Edward Hughes aliyelihamishia mwaka 1878 kwenye chombo cha umeme. Majina husahihishwa na watu, na watu hao hawakufa kwa kuyasahihisha.

Kuhusu kununua, maneno machache yatosha. Mashine ya kurekodia iunganishwayo na kompyuta huwa na kiinuzi ndani yake, kwa hiyo anayeanza asinunue kingine kando. Atazame mwinuko: maikrofoni zenye kapasita huridhika na desibeli 40, yaani mara 100, lakini zile za sumaku zitoazo umeme dhaifu mno, kama Shure SM7B, hutaka 60, yaani mara 1,000, ndiyo maana mashine ya Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu, yenye desibeli 56, hulemewa na maikrofoni hiyo, na ya toleo la nne, yenye 69, haipati taabu. Atazame kama kuna umeme wa volti 48, ambao kampuni ya Neumann iliutumia mwaka 1966 na ambao maikrofoni nyingi za kapasita haziwezi kufanya kazi bila ya huo. Atazame kelele ya chombo chenyewe: kwa maikrofoni ya omu 150 maumbile hayaruhusu kelele kushuka chini ya dBu -131 hivi, na chombo cha bei nafuu kinachofikia -128 hakina haja ya kuonewa haya. Atumie kebo ya nyuzi tatu ili mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani usiingie, na afunge feni na dirisha kabla ya kuimba, kwa sababu kiinuzi ni kama kamba ya kisima: maji yakiwa na tope huyaleta juu na tope lake.

Mwenye jina bora kuliko hili na alilete pamoja na hoja yake hadharani, nami nitalipokea kwa moyo mweupe. Lakini muhuri si hoja. Nawaomba watunga kamusi waandike hivi: kiinuzi, wingi viinuzi, nomino ya ngeli ya ki-/vi-, chombo cha kuinua umeme dhaifu utokao katika maikrofoni hadi kimo cha kurekodiwa. Wakiliandika hivyo, kijana wa Kawe ataingia dukani akasema, "Nataka chenye kiinuzi cha desibeli 60," na muuzaji hatakuwa na njia ya kumpa kitu kingine.