Gitaa Kavu na Njia ya Ziwa

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, mwezi wa Aprili 1858, walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji, na makasia yalikwenda kwa nyimbo. Mmoja alianzisha, wenzake wakaitikia, pembe na ngoma zikapokea. Burton hakuupenda muziki huo na aliuandika kwa dharau. Hata hivyo ametuachia ushahidi mkubwa: kwenye mwambao huu muziki ulikuwa mali ya watu walio safarini, tangu zamani, kabla ya reli na kabla ya santuri.

Likembe nayo ilienea kwa miguu. Ilipanda kutoka Kongo ya chini pamoja na wapagazi, askari na vibarua wa enzi za ukoloni. Ni kisanduku cha mbao chenye vijiti bapa vya chuma. Mtu hukishika kwa mikono miwili, akapiga kwa vidole gumba huku anatembea. Mwendo mrefu wenye mzigo kichwani ulihitaji chombo cha namna hiyo.

Kisha zikaja njia mpya. Mwaka 1915 reli iliunganisha Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na Kabalo kwenye mto Lualaba. Aliyetoka Uvira kutafuta kazi kusini aliweza kupanda meli ziwani, akashika treni, akapanda mto mpaka Bukama, kisha treni tena hadi miji ya shaba. Huko kampuni ya madini ya Union Minière ilikusanya watu wa Lomami, wa Ruanda-Urundi na wa kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kambini. Jioni, baada ya kazi, gitaa lilishika nafasi ya likembe.

Hapo ndipo tunapokutana na Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa 1930 wa Bunkeya. Mwanzoni mwa 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na gari lenye mitambo ya kunasa sauti, alimkuta barabarani Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga gitaa. Akamnasa. Kati ya nyimbo za mwaka huo ni Masanga na Bombalaka. Masanga ulipata tuzo ya Osborn, na santuri zake za Gallotone zikasambaa Afrika ya mashariki na kusini.

Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashika besi bila kuyumba, cha shahada kinaleta sauti ya juu, na baina yao linaingia jambo la tatu ambalo sikio linalisikia lakini jicho halioni anayelipiga. Ukiusikiliza Masanga baada ya likembe, unatambua mara moja ujuzi ulikotoka: vidole viwili vinabishana na kupatana. Mwaka 1961 mtafiti David Rycroft alianza kuchapisha maandishi ya noti za gitaa la Bosco katika jarida la African Music. Kwangu mimi hiyo ni heshima ndogo ikilinganishwa na aliyoipata mitaani, ambako vijana walijifunza nyimbo zake kwa kusikiliza tu, santuri ikirudiwa mpaka ichakae.

Umaarufu huo ulivuka mipaka: Bosco alitangaza dawa ya Aspro nchini Kenya, na mpiga gitaa mwenzake Edouard Masengo akatangaza Coca-Cola Nairobi. Magharibi ya Kenya gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, lilikuwa na watu wake, akina George Mukabi, na Abana ba Nasery waliogonga chupa ya Fanta kushika mapigo. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mbele ya watu waliokuwa wakitafuta muziki wao wenyewe wa zamani.

Nyumbani Kongo, wakati huo, gitaa la umeme na rumba ya Kinshasa vilikuwa vimeshika baa na redio. Mtafiti John Low alipochapisha kitabu chake Shaba Diary mwaka 1982, alikuwa amekwenda kuwatafuta wakongwe hawa kama mtu anayetafuta ukoo. Barabara zenyewe hazikunyamaza: wanamuziki wa bendi ya Staff Benda Bilili walianza karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, wengi wao wakiwa na ulemavu wa polio, na satonge yenye waya mmoja juu ya kopo la maziwa. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2009.

Uvira, kati ya milima ya Mitumba na ziwa, imekaa kwenye njia hiyohiyo, mji wa Wavira, Wafuliiru, Wabembe na wageni wa bandari ya Kalundu. Tracey aliacha santuri zaidi ya 200 na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, na alikuwa na desturi ya kupima hata sauti za vijiti vya likembe. Leo simu ya mfukoni inatosha kunasa. Anayemkuta mzee wa likembe au gitaa kavu Uvira amwombe kwanza ruhusa, kisha aandike jina lake jinsi anavyolitaka lisomwe, lugha ya wimbo, nani alimfundisha na katika mji gani, na amwombe apige kila uzi au kila kijiti peke yake, taratibu, kabla ya wimbo kuanza.